Mguu Si Mguu Tu: Namna ya Kuutaja Mwili, Mkao Wake na Mijongeo Yake

Mhariri wetu alinishika kwenye ngazi za maktaba akaniambia, "Wewe unayesomea fiziotherapia, tuandikie kitu ambacho hata mtu wa uhandisi atakisoma mpaka mwisho." Nikaitika haraka haraka. Nilikusudia kuandika juu ya maumivu ya mgongo yanayotusumbua wanafunzi kwa kukaa vibaya, lakini likizo ya kiangazi ikanipa somo jingine, tena kwa gharama ya bibi yangu. Basi nitaanza kwake, nieleze mambo ya fani, halafu nitarudi kwake.

Kwetu ni Yiti, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya Maskati. Barabara inapanda na kushuka katikati ya milima ya mawe matupu, kona baada ya kona, mpaka ghafla unaiona bahari. Bibi si mzaliwa wa hapo. Alizaliwa Unguja, akaja Oman miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na watu wengi wa asili ya Oman waliokuwa Afrika Mashariki kuanza kurudi. Kiarabu anakijua vizuri, majirani anaongea nao hicho hicho. Lakini akiumwa, au akikasirika, ni Kiswahili tu, tena Kiswahili cha Unguja.

Asubuhi moja, akienda kutia udhu wa alfajiri, aliteleza kwenye vigae vilivyolowa akaangukia ubavu wa kulia. Tulimwinua, akasimama, akatembea hatua chache huku akinishika bega. "Mguu unaniuma," akasema, na mkono wake ukashika goti. Tukampeleka kwenye zahanati moja. Daktari alikuwa mgeni, anaongea Kiingereza, na mkalimani nikawa mimi. Kifua mbele, manake si ndiyo kazi niliyoisomea?

Daktari akauliza maumivu yako wapi. Nikamwambia mguu, kwenye goti. Akataka kujua kama sehemu ya juu, pale paja linapoungana na mwili, nako kunauma. Nikamgeukia Bibi nikamuuliza, "Bibi, kiuno kinauma?" Akajibu, "Kiuno hakina kitu." Nikatafsiri hivyo hivyo. Goti likapigwa picha ya eksirei, mifupa ikaonekana mizima, tukapewa dawa za maumivu na bandeji, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu.

Siku ya tatu aliinuka kutoka kitandani, akakanyaga chini, mguu ukamkatalia. Tulimlaza chali juu ya godoro. Hapo ndipo nilipomtazama kwa macho ya darasani kwa mara ya kwanza. Vidole vya mguu wa kushoto vilielekea dari. Vidole vya mguu wa kulia vilielekea ukutani, nje kabisa. Na kisigino cha kulia kilikuwa kimepanda juu kuliko cha kushoto, kana kwamba mguu umefupishwa. Mguu mfupi uliozunguka nje kwa mzee aliyeanguka: hiyo ni alama ambayo kila mwanafunzi wa fani yangu huikariri. Ni shingo ya mfupa wa paja, pale kwenye nyonga, imevunjika na vipande vimeachana.

Shangazi alikuwa ameshaleta mafuta ya nazi amkande. Nikamzuia, nikasema asivutwe, asikandwe, asisimamishwe, tupige simu ya gari la wagonjwa. Jioni hospitali kubwa ya mjini ikathibitisha.

Kosa lilikuwa wapi?

Lilikuwa kwangu, na lilikuwa la neno moja. Kwa Bibi, kiuno ni pale unapofunga kanga, na pale kweli hapakuwa na kitu. Nilichotakiwa kuuliza ni nyonga, au zaidi kinena, manake maumivu ya kiungo cha nyonga mara nyingi husikika kwenye kinena. Tena huweza kushuka mpaka kwenye goti, kwa sababu baadhi ya neva zinazohudumia nyonga zinahudumia na goti. Kwa hiyo Bibi aliposhika goti hakudanganya, na aliposema kiuno hakina kitu hakukosea. Mwenye elimu ndiye aliyekosea.

Tazameni Kiswahili chetu kilivyo. Tunasema "mkono" kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole, na "mguu" kuanzia nyonga hadi unyayo. Lugha haina upungufu hapo, majina ya vipande ipo nayo tele: paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino, unyayo. Mkononi tuna bega, kwapa, kigasha, kiganja. Sisi tu ndio wavivu wa kuyatumia. Mengine pia hubadilika kwa mahali. Bibi akitaja kiwiko anakusudia pale unapovaa saa, na pale mkono unapojikunja yeye anapaita kisukusuku. Mwenzangu wa Nairobi akisikia kiwiko anaonesha pale pa kujikunja. Wawili hawa wakiingia kwa daktari mmoja na mkalimani mmoja, picha itapigwa pasipovunjika.

Kwanza, tukubaliane mwili umekaaje

Wataalamu waliliona tatizo hili zamani. Ndiyo maana mwaka 1895 walikutana Basel, Uswisi, wakapitisha orodha moja ya majina ya Kilatini ya sehemu za mwili, na orodha hiyo ikaendelea kurekebishwa, toleo lake mojawapo likiwa lile lililochapishwa mwaka 1998. Lakini majina peke yake hayatoshi. Ukisema "mbele ya mkono", mbele ni wapi, na mkono unazunguka?

Kwa hiyo upo mkao mmoja wa msingi, unaoitwa mkao wa kianatomia. Mtu amesimama wima, uso mbele, miguu pamoja, vidole vya miguu mbele, mikono imening'inia ubavuni, na viganja vimegeuzwa vitazame mbele. Hebu inuka ujaribu. Utaona viganja havipendi kukaa hivyo, vinataka kurudi kutazama mapaja. Lakini ndiyo kanuni. Hata mgonjwa awe amelala, amejikunja au amening'inia kwenye mnazi, tunamweleza kama kwamba amesimama katika mkao huo. Kwa hiyo jicho liko juu ya mdomo hata kama mtu amesimama kwa kichwa.

Jambo la pili ni kulia na kushoto. Kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako unayemtazama. Linaonekana dogo, lakini mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, moja ya mambo ya kuhakikishwa kabla ya kisu kugusa ngozi ni kwamba huyu ndiye mgonjwa, huu ndio upasuaji wake, na hapa ndipo mahali pake, na kama kuna upande, upande huo umetiwa alama. Hata picha ya eksirei ya kifua huwekwa kama vile mgonjwa anakutazama, kulia kwake kukiwa kushoto kwako.

Maneno ya kuonesha mahali

Yapo kwa jozi, ukijua moja umejua na mwenzake.

Mbele na nyuma: anteria na posteria. Kitovu kiko anteria, uti wa mgongo uko posteria.

Juu na chini: supiria na infiria. Kifua ni supiria kwa tumbo.

Karibu na mstari wa kati na mbali nao: mediali na laterali. Chora kwa mawazo mstari kutoka kipaji cha uso, upite puani, kidevuni, kitovuni hadi chini. Kidole gumba cha mguu kiko upande wa mediali, kidole cha mwisho kiko laterali. Mkononi ni kinyume: gumba ndilo liko laterali, kwa sababu tumekubaliana viganja vinatazama mbele. Hapa ndipo wengi tulipopoteza alama kwenye mtihani wa kwanza.

Karibu na shina na mbali na shina: proksimali na distali. Haya ni ya mikono na miguu. Fikiria tawi la mwembe. Goti ni proksimali kwa kifundo, na ni distali kwa nyonga. Nilipokuwa zahanati, swali la daktari lilikuwa hasa hili: maumivu ni proksimali zaidi ya goti? Nami nikampa jibu la kiuno.

Juu juu na ndani: mchubuko wa ngozi ni wa juu juu, mfupa uko ndani. Shingo ya mfupa wa paja imefunikwa na misuli minene, ndiyo maana inaweza kuvunjika na ngozi isioneshe jeraha lolote.

Mikato mitatu, darasa la samaki

Ili kueleza mijongeo, tunakata mwili kwa mawazo katika pande tatu. Mimi niliuelewa mkato huu pwani ya Yiti kabla sijauelewa darasani.

Ukimpasua samaki kuanzia kichwa hadi mkia ukapata nusu ya kulia na nusu ya kushoto, huo ni mkato wa sajitali. Ukimkata nguru vipande vya mviringo vya kukaanga, huo ni mkato wa mlalo, na picha nyingi za kompyuta za hospitali, zile za CT, huoneshwa kwa vipande kama hivyo, kimoja baada ya kimoja. Mkato wa tatu ni ule wa kutenganisha upande wa mbele na upande wa mgongo, unaitwa wa koronali. Samaki hakatwi hivyo, ila ukiegemea mlango na mlango ukapita katikati yako kuanzia bega hadi bega, umeuelewa.

Sasa mwili utembee

Kukunja na kunyoosha, fleksheni na ekstensheni, hufanyika kwenye mkato wa sajitali. Kukunja ni kupunguza pembe kati ya mifupa miwili, kunyoosha ni kuiongeza. Kisukusuku na nyonga hukunjika kuelekea mbele, goti hukunjika kuelekea nyuma. Msikariri "mbele ni kukunja", mtaanguka kwenye goti.

Kutanua na kurudisha, abdaksheni na adaksheni, hufanyika kwenye mkato wa koronali. Kupeleka mkono au mguu mbali na mstari wa kati ni kutanua, kuurudisha kwenye mstari ni kurudisha. Maneno haya mawili ya kigeni yanafanana mno kwa sauti. Ab- kwa Kilatini ni kuondoka, ad- ni kuelekea. Wodini utasikia watu wakiyatamka kwa kukata herufi moja moja ili yasichanganywe. Kwa Kiswahili hatuna shida hiyo, hakuna anayechanganya kutanua na kurudisha.

Kuzungusha, rotesheni, ni kugeuka juu ya mhimili wako, kwenye mkato wa mlalo. Paja likizunguka nje, vidole vya mguu vinatazama nje. Likizunguka ndani, vidole vinatazamana. Kumbukeni vidole vya Bibi vilivyoelekea ukutani. Na mara nyingi nyonga inapoteguka kwa nyuma, kama abiria wa mbele anapogonga goti kwenye dashibodi ya gari, mguu huwa mfupi pia lakini umezunguka ndani na umebana kwenye mstari wa kati. Neno moja, nje au ndani, linabadilisha kisa kizima.

Kigasha kina mjongeo wake. Nyanyua mikono kama unaomba dua, viganja juu: hiyo ni supinesheni. Vigeuze viganja vitazame chini: hiyo ni pronesheni. Kigashani mna mifupa miwili, na ukigeuza kiganja chini mmoja unapita juu ya mwenzake kama mkasi. Shika kigasha chako huku unageuza, utausikia.

Kifundo cha mguu nacho: kuinua vidole juu ukasimama kwa visigino, na kuvishusha ukasimama kwa ncha za vidole. Halafu unyayo unaweza kugeukia ndani au nje. Mara nyingi mchezaji akiteguka, unyayo umegeukia ndani, na kano zinazoumia ni za upande wa laterali.

Bega na nyonga zaweza kuyaunganisha mengi ya haya na kuchora duara, kama wavuvi wanavyoinua mkono kurusha nyavu.

Na kulala? Hapa Kiswahili kinawashinda wengi kwa uzuri: chali, kifudifudi, ubavu. Waandikao Kilatini wana supini na proni, na wanafunzi wao huyachanganya kila mwaka. Sisi tumeyajua tangu tukiwa watoto wa kuogeshwa.

Sala kama darasa la viungo

Hospitalini Bibi alifanyiwa upasuaji, kichwa cha mfupa wa paja kikaondolewa na kuwekwa cha bandia. Kwa kuwa kiungo kilifunguliwa kwa upande wa nyuma, alipewa masharti matatu kwa wiki kadhaa: nyonga isikunjwe kupita nyuzi 90, mguu usivuke mstari wa kati, na paja lisizunguke ndani. Mijongeo hiyo ndiyo inayoweza kukichomoa kichwa kipya kabla misuli na tishu hazijashika. Si kila upasuaji una masharti hayo, hutegemea njia iliyopitiwa na uamuzi wa daktari, kwa hiyo kila mmoja afuate ya kwake.

Safari hii ukalimani nikaufanya kwa adabu. Nisingemwambia "usifleksi". Nilikaa kwenye kiti mbele yake nikauliza, "Bibi, katika sala, nyonga inakunjika wapi?" Akafikiri. Akasema kwenye rukuu inakunjika, kwenye sujudi inakunjika zaidi, na kwenye kikao, miguu ikiwa chini yako, ndiyo usiseme. Nikamwambia basi yote hayo kwa sasa utayafanya juu ya kiti kirefu, kwa kuinamisha kichwa na mgongo kidogo. Akauliza salamu je, kugeuka kulia na kushoto? Nikamwambia hiyo ni kuzungusha shingo, haina ubaya, zungusha.

Tukaenda hivyo hivyo kwa mambo ya nyumbani. Kula chini kwenye sinia, hapana, kunakunja kupita nyuzi 90. Choo cha kuchuchumaa, hapana. Mbuzi ya kukunia nazi, akacheka mwenyewe kabla sijajibu. Kuweka mguu juu ya mguu akipiga soga, hapana, huko ni kuvuka mstari. Kulala, mto uwe katikati ya mapaja ili miguu isirudi ikabana. Jioni yake nilimsikia akimweleza jirani masharti yote matatu bila kukosea hata moja.

Ukipigiwa simu

Wengi wetu tuko mbali na nyumbani, na simu za "fulani kaanguka" zinatufikia sisi, hasa tunaosoma mambo ya afya. Mimi sasa nauliza manne. Upande gani, kulia kwake au kushoto kwake? Sehemu gani hasa, kati ya kiungo gani na kiungo gani, na aweke kidole kimoja hapo, asitaje jina? Mwili umekaaje sasa, mguu au mkono umeelekea wapi ukilinganisha na mwenzake? Na kipi anaweza kufanya mwenyewe: kukunja, kunyoosha, kutanua, kuzungusha? Asilazimishwe, aulizwe tu. Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama, au akasimama kwa maumivu ya paja, kinena au goti, nyonga yake itazamwe.

Mfupa uliovunjika bila vipande kuachana mara nyingi huweza kufungwa kwa skrubu, mtu akabaki na mfupa wake. Huenda siku ile ya kwanza Bibi alikuwa hivyo. Nimelifikiria hilo usiku mwingi. Kabla sijaondoka nilimwambia, nikamweleza kosa la kiuno na nyonga, nikaomba radhi.

Akaniangalia. "Mwanangu, uliniuliza kiuno, nikakujibu kiuno. Siku nyingine usiniulize jina, niulize pananiuma wapi, nikuoneshe."

Sasa anatembea kwa kigari cha kushikilia mpaka barazani, anatazama mashua zikirudi. Na mimi nimeanza daftari: upande mmoja neno la kitabu, upande wa pili neno la nyumbani. Mkutano ujao wa jumuiya nitakuja nalo. Wa Mombasa, wa Bukavu, wa Tabora, wa Kampala, kila mmoja aje na maneno ya kwao kuanzia kichwani hadi unyayoni. Nyonga ndiyo iwe ya kwanza. Kila la heri na mitihani.